Kuku Wako Anaumwa: Hesabu Kwanza, Dawa Baadaye

Desemba moja hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, nilipoteza kuku 23 kati ya 26 ndani ya siku sita. Jogoo wa sikukuu alinunuliwa mnadani upande wa Malaba, akafunguliwa kamba miguuni, akaachwa ajichanganye na wenzake uani. Siku ya tano mitetea wawili walikuwa wamesimama chini ya mwembe, mabawa yanaburuta, macho yamefumba. Nilikimbilia duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakuniuliza hata swali moja. Alinipa kapsuli za tetrasaiklini (dawa ya bakteria) na unga wa vitamini, nami nikavikoroga kwenye maji siku nne mfululizo huku kuku wakiendelea kuanguka. Ugonjwa ule ulikuwa kideri (Newcastle), ugonjwa wa virusi, na kideri hakina dawa. Kama ningekaa nusu saa tu nikahesabu na kutazama kabla ya kutoa pesa, ningeokoa pesa hizo. Pengine ningeokoa pia vifaranga wa jirani yangu, kwa maana siku ileile nilivuka uwanja wake kuazima ndoo nikiwa na ndala za bandani.

Mwongozo huu ni wa mwenye kuku kumi, ishirini au hamsini nyuma ya nyumba: wa kienyeji, kuroila (aina ya kuku walioboreshwa), au mchanganyiko. Mwenye maelfu ya kuku ana daktari wake. Sisi wengine ndio tunaouziwa dawa bila kuulizwa.

Hatua ya 1: Mtenge, halafu hesabu

Kuku aliyejikunyata na kusimamisha manyoya atoke bandani dakika hiyohiyo. Mtie kwenye katoni au tenga lenye majani makavu, ufunike nusu kwa gunia, uliweke mahali pasipo na upepo, mbali na wenzake kadiri uwanja unavyoruhusu. Kumpa kona ya banda lilelile si kumtenga. Awe na chombo chake cha maji. Lisha wazima kwanza na mgonjwa mwisho, na ndala za kumwendea mgonjwa zibaki hukohuko.

Maji yake yatie nguvu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Asipokunywa mwenyewe, mdondoshee pembeni mwa mdomo, tone baada ya tone. Usimfungue mdomo ukammiminia. Tundu la pumzi la kuku liko pale shina la ulimi linapoanzia, na wapo wanaosemekana wamekufa kwa ugonjwa kumbe wamekufa kwa maji mapafuni.

Sasa chukua kalamu. Wangapi wanaumwa, na wa kwanza alianza siku gani? Ni wa umri mmoja au wa kila umri? Ni nini kimebadilika katika wiki mbili zilizopita: kuku mgeni, pumba mpya, mvua iliyoingia bandani, shamba la jirani lililopigwa dawa? Majibu haya matatu yanakupeleka karibu sana na jina la ugonjwa hata kabla hujamshika kuku.

Mmoja anadhoofika polepole na wenzake wazima: hilo mara nyingi ni lake mwenyewe. Fikiria minyoo, yai lililokwama, jeraha, au mahepe (ugonjwa wa Marek, unaopoozesha miguu). Wanaumwa vifaranga na vijana tu, wakubwa wako salama: fikiria koksidia (vijidudu vya utumbo) na gumboro (ugonjwa wa virusi). Wanaumwa wa kila umri, na idadi inaongezeka kila ukiamka: fikiria kideri mpaka kitu kingine kithibitike.

Kuna hali ya nne ambayo watu huisahau. Kuku waliokuwa wazima asubuhi wanakufa kadhaa kabla ya jioni, bila kuhara, vifuko vyao vya chakula shingoni vimejaa. Hiyo mara nyingi ni sumu. Msimu wa kupanda mahindi, mbegu za dukani huja zimepakwa dawa yenye rangi, nyekundu au kijani, na kuku huzifukua shambani. Baadhi ya sumu za panya nazo hufanya hivyohivyo. Kuku wa namna hii asiliwe na mtu wala mbwa.

Hatua ya 2: Mshike usiku, umkague kuanzia kidarini

Usiku kuku hashindani na mtu. Nenda na tochi ya simu wakati wamekwisha kulala. Utapata faida ya pili: utitiri mwekundu hutoka nyufani gizani kuja kunyonya damu, na mchana hutauona.

Anza na kidari. Pitisha kidole kwenye mfupa wa katikati. Ukiwa umetokeza kama makali ya panga, kuku huyu ameanza kuumwa muda mrefu na wewe ndiyo kwanza umemwona. Akiwa na nyama ya kutosha na bado anakufa, ugonjwa umemvamia ghafla. Kipimo hiki hakigharimu chochote na mimi nakiamini kuliko vyote.

Panda kichwani. Upanga (ile nyama nyekundu ya kichwani) ukiwa mweupe, maana yake damu imepungua: minyoo, utitiri, au koksidia. Upanga wa zambarau ni wa kuku anayekosa hewa au aliyezidiwa na homa. Vipele vikavu vyeusi kwenye upanga na kope ni ndui. Uso uliovimba, macho yanayotoa majimaji, na harufu mbaya unayoisikia hata kabla ya kumsogeza karibu: hayo ni mafua ya koriza. Macho yaliyojaa uchafu mweupe mgumu, bila harufu ile, kwa kuku wanaokula pumba tupu kiangazi chote, mara nyingi ni upungufu wa vitamini A. Dodo (mchicha), sukuma wiki na majani ya viazi vitamu, kila siku, vinawarudisha ukiwahi.

Mfungue mdomo. Utando wa manjano kooni unaweza kuwa ndui ya ndani. Usiubandue kwa kucha, maana damu itakayotoka itamziba pumzi. Kisha weka sikio mgongoni mwake, kati ya mabawa, usikilize kama kifua kinakoroma.

Kifuko cha chakula shingoni kipime asubuhi kabla hajala. Kinatakiwa kiwe kitupu. Kikiwa kigumu kama mpira, kuku amemeza nyasi ndefu au nyuzi za magunia. Mpe mafuta ya kupikia kijiko kidogo, kwa matone, ukande taratibu mara tatu au nne kwa siku, na usimpe chakula kigumu mpaka kilainike.

Miguu: kuku kijana anayelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma ana dalili ya mahepe, ambayo haitibiki. Magamba yaliyonyanyuka na kufanya ukoko mnene ni utitiri wa miguu. Mwisho inua mkia. Mayai ya chawa hushikana kwenye mashina ya manyoya karibu na tundu la nyuma kama sukari iliyoganda. Na kama ni tetea anayekwenda kiotani na kurudi bila kitu, amesimama wima kama bata huku anakaza, yai limekwama. Mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika ishirini hadi thelathini, mpake mafuta kwenye tundu, mweke gizani mahali penye joto. Yai lisivunjwe ndani yake.

Hatua ya 3: Soma kinyesi

Kinyesi cha kawaida ni cha kahawia au kijivu chenye kofia nyeupe. Mara chache kwa siku kuku huyohuyo mzima hutoa kingine, laini, cheusicheusi, kinachonuka sana. Hicho pia ni cha kawaida, kinatoka kwenye vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo. Watu wengi hununua dawa kwa ajili ya kinyesi hiki cha afya.

Damu kwenye kinyesi cha vifaranga wa wiki tatu hadi nane ni koksidia mpaka ithibitike vingine. Nyeupe kama chokaa, vifaranga wakijidonoa nyuma na kutetemeka katika umri wa wiki tatu hadi sita, ni gumboro. Nyeupe inayogandamana na kuziba tundu la nyuma kwa vifaranga wadogo zaidi ya hapo ni ule ugonjwa wa kuhara nyeupe unaotoka kwa mama kupitia yai. Manjano kama salfa kwa kuku wakubwa, wanaokufa mmojammoja kwa wiki kadhaa, ni homa ya matumbo ya kuku.

Kijani ndicho kinachowachanganya wengi. Kuku yeyote asiyekula huharisha kijani, kwa sababu nyongo inashuka bila chakula. Kwa hiyo kijani peke yake si kideri. Kijani pamoja na idadi inayopanda, pumzi za kuvuta kwa mdomo wazi, na shingo inayojipinda mpaka kichwa kinatazama juu: hapo usijidanganye.

Hatua ya 4: Pasua aliyekufa, isipokuwa...

Nitangulize katazo. Wakifa wengi kwa siku moja, vichwa vimevimba na panga zimegeuka zambarau, na hasa kama umesikia au kuona ndege pori au bata wakifa, usipasue na usishike kwa mikono mitupu. Januari 2017 mafua makali ya ndege yalithibitishwa kwa ndege pori wa Lutembe karibu na Entebbe, na kwa ndege wafugwao huko Masaka. Mpigie afisa wa mifugo wa gombolola (tarafa) au wa wilaya, ufunge kuku ndani, usubiri.

Katika hali nyingine, kuku aliyekufa punde anaeleza zaidi ya mia wagonjwa. Vaa kaveera (mifuko ya plastiki) mbili kila mkono, kaa mbali na jikoni na kisima, tandika gunia kuukuu utakalolichoma baadaye. Kata ngozi ya tumbo, inua kidari.

Tazama ini. Likiwa kubwa na lina mng'ao wa shaba au ukijani, ni homa ya matumbo. Fuata utumbo hadi vile vifuko viwili vya mwisho: vikijaa damu, umeipata koksidia. Pasua utumbo mwembamba kwa urefu. Minyoo mikubwa myeupe itajionyesha yenyewe. Kile kitumbo kidogo kilichotangulia firigisi kikiwa na vidoadoa vya damu kwa ndani, ni alama ya kideri, ingawa si kila kuku wa kideri huwa nayo. Kwa kijana mwenye michirizi ya damu kwenye nyama za paja, na kitezi kilichovimba juu kidogo ya tundu la nyuma, ni gumboro.

Ukishindwa kuamua, usikisie. Mtie mwingine aliyekufa punde ndani ya kaveera mbili, uweke kwenye ndoo yenye barafu, umpeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa wilaya. Sampuli zinaweza kwenda maabara ya taifa Entebbe au chuo cha mifugo cha Makerere. Ukigandisha mzoga kwenye friza, kipimo kinaharibika. Barafu pembeni inatosha.

Hatua ya 5: Tibu kinachotibika

*Koksidia.* Dawa yake ni amproliamu. Ile ya unga wa asilimia 20, kiasi cha kutibu ni gramu 1.2 kwa kila lita ya maji, yaani gramu 24 kwenye jerikeni ya lita 20, kwa siku tano. Lakini soma karatasi ya pakiti yako, kwa sababu nguvu hutofautiana. Wape vifaranga wote, kwa kuwa ukimwona mmoja na damu wenzake wameshameza mayai ya wadudu haohao. Usichanganye na unga wa vitamini B siku hizo: amproliamu inafanya kazi kwa kumnyima mdudu vitamini B1, na wewe ukiimwaga majini unamlisha. Mpe kuku vitamini baada ya dozi kuisha. Na ng'oa matandiko yote yaliyolowa. Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) haiui mayai ya koksidia. Ukavu ndio unaoyashinda, maana yanahitaji unyevu na joto ili yaive, na siku moja au mbili zinayatosha.

*Minyoo.* Piperazini hutoa minyoo mikubwa peke yake. Albendazoli hufika kwa aina nyingi zaidi. Rudia baada ya wiki tatu, kisha kila miezi mitatu kwa kuku wanaozurura.

*Mafua.* Hapa ndipo ninapotaka daktari aamue, kwa sababu koriza na mikoplazma (bakteria mwingine wa njia ya pumzi) hufanana na dawa zao si zilezile. Dawa kama tailosini hupunguza dalili, lakini kuku aliyepona hubaki amebeba ugonjwa. Usimuuze wala usimgawie ndugu. Homa ya matumbo ni hivyohivyo, na mbaya zaidi hupita kwenye yai. Ushauri wangu ni mkali: wenye homa ya matumbo waondolewe, na mayai ya kundi lile yasiatamishwe.

*Ndui.* Huletwa na mbu, na hakuna dawa ya kuiua. Paka vipele aidini, safisha macho kwa maji ya chumvi hafifu, na mlishe kwa mkono kama haoni. Wengi hupona ndani ya wiki tatu au nne wasipokufa kwa njaa.

*Wadudu wa ngozi.* Viroboto waliojipanga kuzunguka macho wapake vaselini wazibwe pumzi. Miguu yenye ukoko ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uipake vaselini au mafuta ya kupikia kila siku ya tatu kwa wiki kadhaa. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari vinachoma ngozi, viache. Kwa chawa, mpe shimo la majivu makavu yaliyochanganywa na vumbi, nawe tumia unga wa dawa ulioandikiwa kuku. Utitiri mwekundu usihangaike naye mwilini mwa kuku peke yake, kwani mchana anaishi kwenye nyufa za mbao. Mwagia nyufa maji yanayochemka, paka chokaa, na ncha za fito za kulalia zipake mafuta.

Dawa zote za bakteria zina siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Zimeandikwa kwenye karatasi. Mtoto anayekula yai la leo asinywe tetrasaiklini ya kuku bila kujua.

Na lipo jambo lisemwe wazi. Kuna watu wanaowapa kuku na nguruwe vidonge vya ARV, dawa za wenye virusi vya UKIMWI. Mwaka 2023 jambo hili lilifika hadi Bungeni Kampala. Vidonge vile havitibu kideri. Vinabaki kwenye nyama tunayokula, na kila kopo linaloishia bandani limetolewa mkononi mwa mgonjwa aliyelihitaji. Nimeombwa ushauri huo na mtu ninayempenda, nikamkatalia.

Kideri chenyewe

Ukikitambua, acha kununua dawa. Kapsuli, pilipili, shubiri, mululuza (mmea wa majani machungu): sijaona kimoja kilichokizuia. Virusi havisikii dawa za bakteria, na wale wachache wanaopona wamepona wenyewe. Kazi yako sasa ni kuzuia kisitoke kwako.

Usiuze hata mmoja, hata aliye mzima. Najua uchungu wake: unamwona mzima, bei ipo, na kesho huenda amekufa. Lakini soko ndilo lililonipa mimi, na lilipewa na mtu aliyefikiri hivyohivyo. Mizoga choma au fukia shimo la mita moja, pamoja na manyoya na matandiko. Usitupe barabarani ndani ya kaveera, mbwa wataisambaza. Usipokee wageni bandani, na usiende kwa mwenye kuku. Waambie majirani siku hiyohiyo, bila aibu, na umwarifu afisa wa mifugo.

Banda lisuguliwe kwa sabuni kwanza, kwa kuwa Jik juu ya kinyesi haifanyi kazi. Kisha Jik kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, liache likauke kwa jua. Subiri angalau mwezi kabla ya kuleta wengine. Na tangu hapo kila kuku mgeni, hata wa zawadi kutoka kwa shangazi, akae peke yake wiki mbili hadi nne.

Siku ya chanjo

Chanjo ni ya wazima. Ukichanja kundi lililokwisha kuambukizwa umechelewa. La Sota, chanjo ya kideri, inataka baridi njia nzima, kwa hiyo nenda na chupa ya chai yenye barafu, na kama unaitoa kwa maji, tumia maji yasiyo na klorini, imalizike ndani ya saa mbili. Iliyo rahisi zaidi kwetu, inapopatikana, ni chanjo nyingine ya kideri, I-2 ya tone la jicho, kwa sababu inavumilia joto zaidi. Tone moja kwa kila kuku, jogoo na kifaranga wa siku moja sawa. Rudia kila miezi minne. Mimi nimechagua Machi, Julai na Novemba, ili Desemba inikute kinga imeshajengeka. Vifaranga waongezewe gumboro wakiwa na wiki mbili na tena wiki ya nne, na ndui kati ya wiki ya sita na ya nane. Daktari wa wilaya atakurekebishia tarehe.

Kichupa kina dozi mia moja au zaidi, na kikishachanganywa hakikai hadi kesho. Kwa hiyo tunachanga nyumba sita au saba. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, kuku hawajafunguliwa. Mmoja anashika, kichwa kimelazwa ubavu. Mwingine anasimamisha kichupa wima, anadondosha, anangoja jicho lipepese ndipo kuku aachiwe upande wa pili wa wavu. Mtoto anahesabu kwa sauti na kuchora mstari ukutani kwa kipande cha makaa. Mistari ikilingana na idadi ya kuku, mlango unafunguliwa na tunahamia nyumba inayofuata.